Kuchagua Zana ya Trekta ya Kufyekea Vichaka Kandokando ya Njia

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo yalikuwa ya haki katika zama ambazo jembe lilikuwa moja na kazi yake moja, na aliyesimama muda mrefu kulikagua jembe aghalabu alikuwa akitafuta kisingizio cha kulikwepa shamba. Zana ya trekta ni jambo jingine. Bei yake yaweza kumeza ushuru wa msimu mzima wa chama cha msingi. Ikiwa haifai, hutupwa nyuma ya ghala ikawa makazi ya kuku, na wanachama huendelea kulipa deni lake. Na ikitumiwa bila uangalifu, yaweza kumkata mtu mguu au kumpiga mtoto jiwe akiwa mbali. Kwa zana ya namna hiyo, kuchagua ni sehemu ya kazi ya mkulima.

Mazungumzo haya yanahusu zana moja tu katika nyingi, nayo ni ile inayofungwa nyuma ya trekta kwa ajili ya kufyeka vichaka kandokando ya njia za kutoka mashambani hadi ghalani.

Njia na mazao

Kila katibu anajua hali ilivyo msimu wa ununuzi unapofika. Lori la kubeba pamba, tumbaku au miwa haliwezi kupita mahali ambapo matete na miiba vimeingia mpaka katikati ya njia. Dereva huogopa pancha, huogopa kisiki kilichofichwa na majani, na hukataa kuendelea. Mazao hubaki shambani yakisubiri mikokoteni, na mvua ikiwahi hushuka daraja. Kadhalika njia iliyozibwa ndiyo njia ya watoto kwenda shule na ya kina mama kwenda kisimani, na nyoka hupenda kivuli chake.

Barabara za umma za vijijini na mijini, zilizosimamiwa kwa taratibu mbalimbali za serikali za mitaa hadi kuundwa kwa TARURA mwaka 2017, zimekuwa na wenyewe wa kuzitazama. Lakini vijia vya ndani, vinavyopita kati ya shamba na shamba hadi kufika barabara hizo, aghalabu hubaki mikononi mwa kijiji na wanachama wenyewe. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa kwa kwanja, panga na shoka, siku ya kazi ya pamoja. Ni njia nzuri, nayo haijapitwa na wakati. Lakini pale ambapo njia ni ndefu na nguvu kazi imepungua, ni halali chama kufikiria trekta.

Funzo la Kongwa

Yafaa kabla ya kutaja zana yoyote kukumbuka jambo lililotokea katika nchi hii hii. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma wajumbe kukagua uwezekano wa kulima karanga kwa mashine katika Afrika ya Mashariki na Kati, juu ya eneo la zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa yake ikiwa Tanganyika. Ukaguzi ulichukua wiki chache, na nchi nyingi ilitazamwa kutoka katika ndege. Mwaka 1947 kazi ilianza Kongwa, na ilitazamiwa kwamba ekari 150,000 zingesafishwa katika mwaka wa kwanza.

Mashine zilizoletwa zilikuwa nyingi, na nyingi kati yake zilikuwa mabaki ya vita. Hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Pori la Kongwa halikujali. Mizizi ilipinda zana, mibuyu ilikataa kuanguka, na udongo, ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama saruji, ulikula makali ya vyuma. Vipuri havikutosha na karakana zilielemewa. Mwisho wa mwaka huo wa kwanza ardhi iliyokuwa tayari haikufika ekari 10,000. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kuteketeza zaidi ya paundi milioni 30.

Waliopanga kazi ile hawakukosa fedha wala elimu. Walinunua mashine kwanza, kisha wakaenda kulijua pori. Chama cha msingi kinachonunua zana kwa kutazama picha katika kitabu cha muuzaji kinafuata nyayo zile zile, ingawa hasara yake ni ndogo zaidi. Basi kanuni ya kwanza ni kwamba pori ndilo lichague zana, zana ichague trekta, na mfuko wa chama uwe wa mwisho kusema, lakini usikose kusema.

Kulikagua pori

Kabla ya mkutano wowote wa kujadili ununuzi, hapana budi katibu na wajumbe wawili au watatu wa bodi waitembee njia yote kwa miguu, na daftari mkononi. Mambo ya kuandikwa ni haya.

Kwanza, urefu wa njia kwa kilomita, na upana wa ukanda unaotakiwa kufyekwa kila upande. Pili, unene wa mashina. Hakuna haja ya kifaa cha kupimia: shina la unene wa kidole gumba ni kama sentimita 2 hadi 2 na nusu, shina la unene wa kifundo cha mkono wa mtu mzima ni kama sentimita 5 au 6, linalozidi hapo ni la shoka, wala lisihesabiwe kuwa kazi ya fyekeo. Tatu, mawe, visiki, vichuguu, mitaro, na seng'enge zilizolala chini. Nne, mteremko wa kingo za njia. Tano, mahali watu wanapopita, nyumba zilipo, shule, visima, makaburi, mabomba ya maji na mawe ya mipaka.

Sita, aina ya mmea wenyewe. Matete na mabingobingo ni marefu na ya kutisha, lakini ni nyasi, na zana nyepesi huyamudu. Mkulagembe, ambao Wasukuma huuita mtundulu, ni mfupi zaidi lakini ni adui mwingine kabisa. Mbao zake ni ngumu, miiba yake hutoboa tairi, na ukikatwa huchipua tena kutoka mizizini, mara nyingi mwingi kuliko ulivyokuwa. Mahali penye mmea huo mwanachama asidanganywe kwamba kupita na trekta mara moja kumemaliza kazi. Zana ya kufyeka haiui kichaka. Hukirudisha chini tu. Ushindi hupatikana kwa kurudia kabla machipukizi hayajawa miti, na kwa kung'oa mizizi kwa mkono pale inapokaribia sana njia.

Hapo ndipo linapojitokeza jambo ambalo vyama vingi hulisahau. Pori la mwaka wa kwanza si pori la mwaka wa tatu. Njia iliyoachwa miaka mitano ina mashina manene na visiki. Njia hiyo hiyo ikifyekwa mara mbili kila mwaka, baada ya miaka miwili hubaki na nyasi na machipukizi ya unene wa kidole. Chama kinachonunua zana nzito kwa ajili ya pori la mwaka wa kwanza kitaibeba zana hiyo, na mafuta yake, kwa miaka kumi ya kukata nyasi. Ni busara kazi ya kwanza ikafanywa kwa shoka, panga na zana nzito ya kukodi, kisha chama kikachagua zana yake kwa ajili ya kazi ya kila mwaka.

Zana zilizopo

Zana za kufungwa kwenye trekta kwa kazi hii ni za namna tano.

Ya kwanza ni fyekeo la kuzunguka, ambalo madereva wengi huliita slasha. Ni bamba kubwa la chuma lililofunikwa juu, na chini yake visu viwili au zaidi vizito vinavyozunguka kama panka iliyolazwa. Visu havikukazwa kabisa. Vimefungwa kwa pini ili vikigonga kisiki virudi nyuma badala ya kuvunjika. Sehemu zake ni chache, fundi wa kijijini huzielewa, na bei yake ni nafuu kuliko ya zana nyingine zenye nguvu kama yake. Slasha nyepesi hukata nyasi na mashina ya unene wa kidole gumba. Ya kati hufika unene wa kifundo cha mkono. Nzito huzidi hapo. Aibu yake ni kwamba hurusha mawe na vipande vya miti kwa nguvu kubwa, na haiwezi kufika kwenye kingo zilizoinuka.

Ya pili ni fyekeo la vinyundo. Hili lina gogo la chuma linalozunguka kwa kulala, lililofungwa visu vidogo vingi au vinyundo. Husagasaga majani na vijiti vikawa matandazo, na kwa kuwa limefunikwa karibu pande zote, hurusha mawe kwa uchache kuliko slasha. Linafaa karibu na nyumba na shule. Lakini huhitaji nguvu zaidi ya trekta kwa upana ule ule, lina mikanda, beringi na vinyundo vingi vya kubadilisha, na seng'enge ikijisokota kwenye gogo lake kazi ya siku nzima huishia hapo.

Ya tatu ni fyekeo la mkono, yaani fyekeo la vinyundo lililowekwa mwisho wa mkono mrefu unaosukumwa kwa haidroliki. Hufika juu ya kingo, ndani ya mitaro na kwenye matawi yanayoning'inia. Ni zana nzuri sana na ghali sana. Hutaka trekta nzito isiyopinduka mkono unapotoka nje, na mabomba ya haidroliki yanayohitaji fundi hodari. Zana hii ni ya wenye barabara nyingi. Chama kimoja cha msingi kikiihitaji, na kiikodi.

Ya nne ni fyekeo la meno, lenye kisu kirefu kinachokwenda na kurudi kama mkasi wa kinyozi. Halitaki nguvu nyingi, na hukata nyasi kwa usafi hata kwenye mteremko mdogo. Lakini ni zana ya malisho. Likikutana na kisiki cha mkulagembe meno yake huvunjika, na halifai kwa vichaka.

Ya tano ni bamba la kusukumia udongo, la trekta au la buldoza. Wapo wanaolisifu kwa sababu huacha njia nyeupe isiyo na jani. Sifa hiyo ndiyo hatari yake. Huondoa mizizi ya nyasi inayoshika udongo, na mvua ya kwanza huigeuza kingo ya njia kuwa korongo. Litumike kusawazisha njia penye mashimo, kwa mtu anayejua kutengeneza mitaro ya maji, wala lisitumike kama fyekeo.

Kwa vyama vingi, kazi ya kila mwaka ya njia za mashambani itaelekea kwenye slasha ya kati, na penye watu wengi kwenye fyekeo la vinyundo. Lakini chama kisiridhike na maneno hayo mpaka daftari lake la ukaguzi liwe limesema vivyo hivyo.

Zana na trekta

Zana ikishajulikana, sharti ioane na trekta. Kuna vipimo vinne.

Kipimo cha kwanza ni nguvu. Kwa kawaida slasha huhitaji nguvu za farasi zipatazo 5 kwenye shafti ya kuzungushia zana, ambayo mafundi huiita piitio, kwa kila sentimita 30 za upana wake katika nyasi na vichaka vyepesi. Katika vichaka vinene hesabu hiyo yaweza kuwa mara mbili. Kwa hiyo slasha ya mita 1.8 hutaka farasi 30 kwa kazi nyepesi, na hadi 60 kwa kazi nzito. Trekta kama Massey Ferguson 135, iliyoanza kuundwa mwaka 1964 na ambayo bado yaonekana vijijini, ina injini ya farasi zipatazo 45, na zinazofika kwenye shafti ni pungufu ya hizo. Itaimudu slasha hiyo katika nyasi. Katika pori la miaka mitano itasumbuka. Pawatila haifai kabisa kwa kazi hii.

Kipimo cha pili ni upana. Upimwe kutoka ukingo wa nje wa tairi moja ya nyuma hadi ukingo wa nje wa nyingine. Fyekeo lisipungue upana huo. Likipungua, tairi hukanyaga vichaka ambavyo havijakatwa, navyo husimama tena nyuma ya trekta, na miiba hubaki kwenye mpira.

Kipimo cha tatu ni uzito. Zana nzito inayoning'inia nyuma huinua magurudumu ya mbele, na trekta isiyoshika ardhi kwa mbele haiongozeki. Kanuni inayofuatwa na watengenezaji wengi ni kwamba magurudumu ya mbele yabaki na angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta tupu. Trekta ya kilo 2,000 ibaki na kilo 400 mbele. Mahali penye mizani ya magari, kama kiwandani, jambo hili laweza kupimwa kwa dakika chache, zana ikiwa imeinuliwa. Ikipungua, vyuma vya uzito viongezwe mbele au zana nyepesi itafutwe.

Kipimo cha nne ni mwendo wa shafti. Zana nyingi za namna hii zimeundwa kwa mizunguko 540 kwa dakika. Yapo matrekta yenye mwendo wa 1,000 pia. Zana ya 540 ikizungushwa kwa 1,000 huwa bomu mikononi mwa dereva.

Kuna jambo jingine kuhusu matrekta makuukuu ambayo klachi yake moja huendesha magurudumu na shafti kwa pamoja. Visu vya slasha ni vizito, na vikishashika kasi havisimami mara moja. Dereva akikanyaga klachi ili asimame, visu vinavyoendelea kuzunguka huweza kuirudishia trekta nguvu kupitia shafti na kuisukuma mbele, mpaka mtaroni au juu ya mtu. Dawa yake ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye shafti, kinachoruhusu nguvu kwenda upande mmoja tu. Bei yake si kitu ikilinganishwa na maisha. Chama chenye trekta ya namna hiyo kisipokee slasha bila kifaa hicho.

Mambo ya kukagua kwa muuzaji

Mnunuzi atazame unene wa bamba la juu na uimara wa maungio yake, kwa kuwa bamba jembamba hupasuka kwa mtikisiko. Atazame kama shafti ina kifuniko kamili cha plastiki au chuma. Shafti iliyo wazi hunasa kanga, kanzu au mkono wa shati, na humzungusha mtu kabla hajapiga ukelele. Atazame kama kuna minyororo au mapazia ya mpira mbele na nyuma ya kuzuia mawe. Aulize kinga ya giaboksi ni ipi: klachi ya kuteleza, au boliti laini inayokatika zana inapogonga kisiki. Ikiwa ni boliti, chama kinunue nyingi za akiba za aina ile ile. Dereva anayechoka kubadilisha boliti akaweka kipande cha nondo ameokoa dakika kumi na kupoteza giaboksi.

Aulize vipuri vinauzwa wapi na huchukua siku ngapi kufika. Visu hasa viulizwe. Wapo mafundi wanaochonga visu kutokana na springi za malori. Chuma hicho ni kigumu, lakini visu visivyolingana uzito hutikisa zana mpaka beringi zikafa, na kisu kilichopashwa moto vibaya huweza kukatika na kuruka. Visu vibadilishwe vyote kwa pamoja, vya uzito mmoja. Mwisho, muuzaji atakiwe kuonyesha zana ikifanya kazi kwenye njia ya chama chenyewe, mahali pagumu palipoandikwa katika daftari, wala si kwenye uwanja wa mpira. Ushauri wa kitaalamu waweza pia kutafutwa kwa ofisa zana za kilimo wa wilaya, au kwa CAMARTEC ya Arusha, kituo cha zana za kilimo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981.

Usalama wa kazi

Zana njema katika mikono mibaya ni balaa. Kabla ya trekta kuingia, mtu apite mbele kwa miguu, aondoe mawe na seng'enge, na aweke alama kwenye visiki, makaburi na mabomba. Watu na mifugo wakae umbali wa mita 100 wakati slasha inafanya kazi, na siku hiyo shule ipewe taarifa mapema. Asipande mtu yeyote juu ya zana wala juu ya matope ya trekta, awe kijana wa kufungua njia au mjumbe wa bodi. Trekta yenye fremu ya kinga na mkanda wa kiti ipendelewe, na mkanda ufungwe. Zana isiguswe mpaka injini imezimwa na visu vimesimama kabisa. Navyo huchukua muda kusimama. Anayeingia chini ya zana kunoa au kubadilisha kisu aiegemeze kwanza kwenye magogo imara, asiamini haidroliki peke yake.

Kimo cha kukata kiwe sentimita 8 hadi 10 kutoka ardhini. Kukata chini zaidi hunoa mawe badala ya nyasi, na huacha udongo uchi. Wakati mzuri ni mwishoni mwa mvua, nyasi kabla hazijamwaga mbegu, na mara nyingine kabla ya malori kuanza kubeba mazao.

Hesabu ya chama

Sasa ifanywe hesabu. Chukua mfano wa njia ya kilomita 12, inayotakiwa kufyekwa mita 3 kila upande, kwa slasha ya mita 1.8. Trekta itapita mara mbili kila upande, yaani mara nne kwa jumla, nazo ni kilomita 48. Kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa, hiyo ni kazi ya saa 16. Ikiongezwa robo kwa kugeuza, kuondoa mawe na kupumzika, zitakuwa saa 20, yaani siku tatu. Ikifanywa mara mbili kwa mwaka ni saa 40.

Saa 40 katika mwaka mzima. Siku nyingine zote zana italala ghalani, ikipata kutu, deni likiwa macho. Chama chenye njia ya kilomita 12 peke yake hakina sababu ya kununua. Vyama vitano vya jirani vyenye njia kama hizo vinafikisha saa 200, na hapo kununua kwa pamoja, au kupitia chama kikuu, huanza kuwa na maana. Na chama chenye kilomita 3 au 4 kifanye kwanza jaribio rahisi: wanachama wanne wenye makwanja na mapanga wapewe mita 100, na muda wao upimwe. Pengine itaonekana kwamba posho ya vijana wa kijiji kwa siku chache ni ndogo kuliko gharama ya trekta, na fedha hiyo itabaki kijijini.

Anayekodi naye ahesabu sawasawa. Mafuta yapimwe kwa kujaza tangi, kufanya kazi saa mbili kwenye njia yenyewe, kisha kujaza tena. Katika gharama ziingizwe dereva, visu, boliti, grisi, pancha na mwendo wa trekta kutoka inakotoka. Mkataba uandikwe, nao useme nani hulipa zana ikivunjika na nani hulipa jiwe likivunja kioo cha mtu.

Ikiamuliwa kununua kwa mkopo, suala lifikishwe mbele ya mkutano mkuu likiwa na karatasi tatu: daftari la ukaguzi wa njia, hesabu ya saa za kazi kwa mwaka, na bei za wauzaji wasiopungua watatu pamoja na upatikanaji wa vipuri. Mkopo usivuke ukomo wa madeni uliopitishwa na wanachama na kukubaliwa na Mrajisi kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Vyama vinavyoshirikiana viandike pia, kabla zana haijafika, ni nani huitunza, zamu zinakwendaje mvua zikiisha na wote wakiitaka wiki moja, na mfuko wa matengenezo unachangiwa kwa kipimo gani. Kipimo cha haki ni saa za kazi, ambazo mita ya trekta huzionyesha kwa kila mtu.

Ndugu Makatibu, muuzaji atakuja na picha nzuri na maneno matamu, na wapo wajumbe watakaopenda chama chao kionekane kina mashine kubwa kuliko ya jirani. Katibu mwenye daftari la ukaguzi mkononi hana haja ya kugombana na yeyote kati yao. Atasoma tu kilichoandikwa: kilomita ngapi, mashina ya unene gani, mawe yako wapi, na watoto hupita wapi kwenda shule. Basi kabla ya mkutano mkuu ujao, njia za kila chama na zitembewe.